Kukadiria soko la magemu ya kompyuta kwa kanda: nakala si fedha

Ukiulizwa soko la Uturuki kwenye Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, lina ukubwa gani, uliza kwanza kinachotakiwa: idadi ya wachezaji, ya nakala, au fedha. Makadirio mengi huharibika hapo, mtu anapochukua asilimia ya wachezaji na kuipachika kwenye mapato. Valve, kampuni inayomiliki Steam, haichapishi mauzo ya kila nchi, hivyo hesabu hujengwa kwa ishara za nje.

Ishara ninayoiamini zaidi ni maoni yanayoandikwa na wanunuzi. Chagua magemu kumi hadi ishirini ya aina moja, yenye bei zinazokaribiana, yaliyotoka ndani ya miaka mitatu. Kwenye ukurasa wa kila gemu chuja maoni kwa lugha, kisha ubakize walionunua Steam moja kwa moja. Funguo (misimbo ya kufungulia gemu) zilizogawiwa au kuuzwa nje ya Steam huvuruga hesabu. Kwa asilimia ya maoni ya lugha hiyo, tumia ya katikati (median) badala ya wastani, kwa sababu gemu moja lililovuma kwa Waturuki hulivuta kundi zima.

Tuchukulie gemu lina maoni 5,000, na 200 ni ya Kituruki. Ukichukulia kila oni linawakilisha nakala 30 hadi 50, zidisha 200 kwa 30 na kwa 50: unapata nakala 6,000 hadi 10,000. Usitoe namba moja, kwa maana uwiano huo hubadilika kwa aina ya gemu na umri wake. Magemu ya zamani huwa na nakala nyingi zaidi kwa kila oni. Bei ya kanda ikiwa dola 10, na baada ya mapunguzo mnunuzi hulipa dola 6 kwa wastani, ni dola 36,000 hadi 60,000. Gawanya kwa 1.2 kuondoa VAT ya 20%, kisha toa 10% ya waliorudishiwa fedha: 27,000 hadi 45,000. Fungu la Steam, 30% kwa mauzo ya kawaida, ondoa pale tu unapotafuta mapato ya mtengenezaji. Kwenye ukubwa wa soko hubaki ndani.

Bei ndiyo inayowaponza wengi. Tarehe 20 Novemba 2023 Steam iliacha lira ya Uturuki na peso ya Argentina, ikaweka bei za dola za kanda. Kabla ya hapo watu wa nchi nyingine walihamishia akaunti zao huko kufuata unafuu. Ripoti ya mauzo kwa nchi, anayopewa mtengenezaji wa gemu, iliwahesabu kama Waturuki. Maoni kwa lugha hayakuwahesabu. Namba hizo mbili zikitofautiana sana kwa magemu ya kabla ya 2023, usizichanganye.

Lugha nayo ina mipaka. Kituruki na Kireno cha Brazili hufuata nchi vizuri. Kirusi kinavuka hadi Kazakhstan, na Kiingereza hakikuambii lolote. Takwimu za upakuaji za Steam, zinazoonyesha baiti za kila nchi kwa siku saba, husaidia kugawa lugha moja kati ya nchi zake, ila sasisho la gemu la GB 100 hufunika mamia ya magemu madogo. Utafiti wa kila mwezi wa Steam kuhusu vifaa vya watumiaji utumie kwa tahadhari: kuanzia Agosti 2017 ulihesabu kupita kiasi watumiaji wa mikahawa ya intaneti, Kichina kikapaa, na Valve ikarekebisha 2018.

Kwa Kenya na Tanzania njia ya lugha haifanyi kazi kabisa, kwani Kiswahili hakimo kati ya lugha za mfumo wa Steam na wachezaji huandika Kiingereza. Hapo waombe watengenezaji kadhaa asilimia za nakala kwa nchi kutoka ripoti zao za mauzo, bila kiasi cha fedha, kisha pima Kenya dhidi ya Afrika Kusini, ambayo ina bei za randi. Kenya na Tanzania huuziwa kwa dola, kwa hiyo usitumie bei ya randi kuzikadiria. Na kama sampuli nzima ina nakala chini ya 50 za nchi husika, toa kikomo cha juu pekee.