Basi Nani Aliyefuta Uchaguzi?

“Hao wa dini wakishinda mara moja, uchaguzi hamtauona tena.” Nimeisikia tena juzi kwenye baraza la kahawa Ngamiani, hapa Tanga, na safari hii kutoka kwa mtu aliyesoma. Mimi nafundisha siasa za nchi za Kiislamu, na kauli hii imeshanichosha. Haya, sheikh wangu, twende nchi kwa nchi tumtafute aliyelifunga sanduku la kura.

Algeria, Desemba 1991: FIS, chama cha Kiislamu, wanachukua viti 188 vya bunge duru ya kwanza. Januari jeshi linafuta duru ya pili na nchi inaingia vitani. Je, FIS wangeitisha uchaguzi mwingine? Siwezi kuwaapia, Ali Belhadj, mmoja wa viongozi wao, alisema waziwazi kuwa demokrasia ni ukafiri. Lakini aliyefuta uchaguzi alivaa gwanda, si kanzu.

Misri, Morsi wa Udugu wa Kiislamu alishinda urais 2012 kwa chini ya asilimia 52, na Novemba akatoa amri kwamba maamuzi yake mahakama zisiyaguse. Hapo simtetei hata kidogo. Julai 2013 jeshi likamwondoa, na mwaka uliofuata Jenerali Sisi akakalia kiti.

Sudan ndiyo mngenibana nayo. Ila watu wa Turabi, kiongozi wa chama cha Kiislamu cha huko, hawakushinda kura: 1986 walitoka wa tatu, na 1989 wakaingia na mapinduzi ya kijeshi ya Bashir. Walioshindwa kura ndio waliokwenda kambi za jeshi.

Sasa Tunisia, ambayo kila upande unaitumia vibaya. Oktoba 2011 Ennahda, chama cha Kiislamu cha Ghannouchi, ilipata viti 89 kati ya 217 vya bunge la kutunga katiba. Ishikeni namba hiyo kabla ya kunitajia maandishi ya Ghannouchi. Kwa viti 89 hutungi katiba peke yako. Wakaunda serikali na vyama viwili visivyo vya dini, na mwaka uliofuata wakaacha kudai sharia itajwe kwenye katiba. Mwaka 2013 wapinzani wawili, Chokri Belaid na Mohamed Brahmi, wakapigwa risasi na kufa. Watu wakafurika barabarani, na shirikisho la wafanyakazi, UGTT, likasaidia kuwakalisha mahasimu meza moja. Januari 2014 katiba ikapita na Ennahda wakaachia serikali. Oktoba wakashindwa uchaguzi, wakakubali.

Wapenzi wa Ghannouchi wanasema hiyo ni imani yake katika demokrasia. Mahasimu wanasema ni woga tu, maana walikuwa wameshaona ndugu zao wa Kairo, wafuasi wa Morsi, walivyomwagwa damu Agosti 2013. Vitabu huchagua upande mmoja. Mimi kila nikilirudia suala hili nashindwa kuitenga imani na woga, na sioni kwa nini chama cha dini pekee kipimwe moyo. Vyama vingine vyote vikiachia madaraka kwa kuogopa, tunavipongeza.

Na aliyelisimamisha bunge la Tunisia Julai 2021? Rais Kais Saied, aliyekuwa mwalimu wa sheria ya katiba, asiye na chama. Ghannouchi alikamatwa Aprili 2023.

Morocco nitaipita mbio: PJD, chama cha Kiislamu cha huko, walikuwa na viti 125 mwaka 2016, 2021 wakabaki na 13, wakafunga virago. Mtaniambia mwenye nguvu pale ni mfalme. Kweli, na hilo nalo ni jibu: hawakuwahi kuwa na bunduki.

Nilipofika hapo mwenzangu akageuza: “Ndiyo maana sisi tulipiga marufuku.” Sheria ya vyama ya Tanzania ya 1992 kweli inakataa chama cha dini. Lakini AMNUT, chama cha Waislamu wa Tanganyika waliotaka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wafikie wenzao kielimu, hawakuzimwa na sheria hiyo. Walikosa wafuasi: Waislamu wengi, wa Tanga wakiwemo, walikuwa TANU.