Onyo la Dhoruba Lifike Saa Kumi Jioni

Hapa Kirumba, Mwanza, naulizwa mara kwa mara ninasomea nini hasa. Shahada ya kwanza nilichukua kompyuta. Sasa niko kwenye uzamili unaochanganya teknolojia, mawasiliano na sera za umma. Mama mkubwa bado anaamini nimeikimbia fani yangu. Nitajibu kwa kitu kimoja tu, onyo la dhoruba ziwani, kwa sababu ndilo lililonileta huku.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi haziwavuti, kwa hiyo mitumbwi hutoka jioni siku za giza na kurudi alfajiri. Sasa litazame ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa haraka, maji ya Ziwa Victoria yakabaki na joto lake. Upepo huvuma kutoka nchi kavu za pande zote, ukakutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu ikapanda na mawingu ya radi yakajengeka. Ndiyo maana radi za ziwani hupiga zaidi usiku na alfajiri, saa zilezile mvuvi wa dagaa akiwa mbali na mwalo, pale mitumbwi inapoegeshwa.

Nilipokuwa naandika programu tu, niliona hapo kuna kazi moja: kutuma meseji. Nikatengeneza mfumo wenye namba za wavuvi na taarifa ya hali ya hewa. Mezani kwangu ulikwenda vizuri. Nilipoupeleka mwaloni, mzee mmoja mwenye mitumbwi alinionyesha vitochi, zile simu ndogo za vijana wake, vimepangwa kwenye boksi, vimebaki nchi kavu visije vikaingia maji. Meseji niliyotuma saa tatu usiku ilisomwa asubuhi, watu walipokwisha kurudi.

"Mwanangu," akaniambia, "niletee saa kumi jioni, hawajapakia taa."

Sentensi hiyo ilinifundisha kuliko muhula mzima. Nikaanza kuuliza mambo ambayo kompyuta hainiulizi. Ukimwambia mvuvi upepo utafika kilomita 40 kwa saa, hajapata anachokitafuta: unatoka upande gani, na utanikuta nimeshavuta wavu au bado? Tena mvuvi hulipwa kwa mgawo wa kilichopatikana. Asipotoka, usiku huo hana kitu. Onyo linalosema "chukua tahadhari" linamwachia yeye mzigo wote, wakati anayeamua mtumbwi utoke au usitoke ni tajiri wake, mwenye mtumbwi. Kwa hiyo ujumbe mmoja kwa wote haufai.

Halafu ikaja sera, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi sasa. Meseji za kawaida zinahitaji orodha ya namba. Namba nilizopewa zilikusanywa kwa ajili ya kusajili wanachama wa kikundi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa. Ilinibidi nirudi kumwomba kila mmoja ridhaa. Iko njia nyingine: mnara wenyewe unatangaza onyo kwa kila simu iliyo chini yake, bila kujua namba ya mtu. Hiyo inamfikia hata mgeni aliyehamia jana kutoka Ukerewe kufuata dagaa, ambaye hayumo kwenye orodha yoyote. Lakini makampuni ya simu lazima yaifungue, na lazima awepo mwenye mamlaka ya kuitumia. Utabiri hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, mitandao inasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usalama wa vyombo vya majini uko kwa TASAC, shirika la uwakala wa meli. Radi ikianza kujengeka saa nane usiku, nani anabonyeza, na nani anawajibika akikosea?

Swali hilo ndilo tasnifu yangu. Sura ya kwanza inaanza na saa kumi ya yule mzee, na giza lijalo nitakuwa mwaloni kwake na daftari, niandike onyo gani lilisikika kabla taa hazijapakiwa na nani alibaki.