Mashabiki wa Nairobi na Mavazi ya Kongamano: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kila msimu wa makongamano ya mashabiki wa bunilizi ya kisayansi na fantasia, ambako wengi huvaa kama wahusika wanaowapenda, unapokaribia, mimi hulazimika kuiweka kando kazi iliyoanza vizuri ili niokoe kazi iliyokwisha kuharibika. Mteja huingia na mfuko wa plastiki wenye vazi lililojaa makunyanzi, siku chache tu kabla ya tukio, na kauli yake huwa ile ile: "Fundi, hili ni la ng'ambo, kwa hiyo ni zuri, lirekebishe kidogo tu linikae." Nimeisikia kauli hiyo kupita kiasi. Nami ni shabiki na huenda makongamanoni kwa shauku ile ile waliyo nayo wateja wangu, na kwa sababu hiyo nimeona heri niandike jibu moja refu.

Dhana: Vazi bora ni lile lililoagizwa kutoka ng'ambo

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu inawagharimu vijana fedha walizozidunduliza kwa miezi mingi na bado inawanyima raha ya siku yenyewe. Ukweli ni kwamba mavazi mengi ya kiwandani yanayouzwa mtandaoni hushonwa ili yapendeze kwenye picha ya tangazo, wala hayakukusudiwa kuvaliwa kutwa nzima na mwili wowote utakaoyanunua. Nikiligeuza vazi la aina hiyo ndani nje, ninayoyakuta hayabadiliki sana: mshono mmoja uliopitishwa oveloki, akiba ya kitambaa isiyofika sentimita moja, zipu nyembamba iliyotiwa kwenye satini ya poliesta isiyo na bitana, na nembo ya kifuani iliyobandikwa kwa gundi badala ya kushonewa. Ile akiba ndogo ndiyo chanzo cha taabu yote. Nguo ikiwa kubwa nitaipunguza, lakini ikiwa ndogo siwezi kuachia kitambaa ambacho kiwanda hakikukiacha, na mteja anayeniomba niongeze kidogo kiunoni ananiomba nitoe kitu kisichokuwemo. Linalobaki ni kupasua ubavuni na kutia kipande kipya, na hata nikizunguka maduka ya Biashara Street na Eastleigh kutwa, ni nadra kupata satini ya rangi na mng'ao ule ule, kwa hiyo kipande hicho kitaonekana na kila atakayesimama karibu.

Chati za saizi nazo huwapotosha wengi. Saizi kubwa ya baadhi ya viwanda vya Asia mara nyingi hukaribia saizi yetu ya kati, na chati hutaja kifua, kiuno na nyonga bila kugusa kipimo ambacho mimi huanza nacho, yaani upana wa mgongo mikono ikiwa imenyooshwa mbele. Shabiki hatasimama wima kama sanamu la dirishani. Atainua upanga wake, atawakumbatia marafiki, ataketi ukumbini kusikiliza mjadala, atapanda na kushuka ngazi na atakwenda msalani. Vazi lisiloyaruhusu hayo yote litapasuka kwapani kabla ya saa sita mchana, na nimeshona makwapa mengi mno nikiwa nimepiga magoti kwenye korido za kumbi. Tena, kifurushi kinachotoka nje huenda kikatozwa ushuru wa forodha pamoja na VAT ya asilimia 16, na kikichelewa njiani hakuna muuzaji atakayelisogeza kongamano mbele kwa ajili yako.

Desturi yenyewe haikuanza kwa kununua. Kongamano la kwanza la dunia la bunilizi ya kisayansi lilifanyika New York mwezi wa Julai 1939 na kuhudhuriwa na watu wapatao 200, na mavazi yaliyovaliwa pale na shabiki wa Marekani Forrest J Ackerman na mwenzake Myrtle Douglas, aliyejulikana zaidi miongoni mwa mashabiki kama Morojo, yalikuwa yamebuniwa na kushonwa na Morojo mwenyewe. Mwaka uliofuata, katika kongamano la pili lililofanyika Chicago, kulikuwa na shindano la mavazi. Kushona kwa mkono wa shabiki ndiko kulikotangulia, na duka likafuata baadaye sana. Hata leo, mashindano mengi yanayopima ufundi huwataka washiriki wawe wameyatengeneza mavazi yao kwa sehemu kubwa, na majaji huligeuza pindo ili waone upande wa ndani. Ukipanda jukwaani na vazi la kununua, utaulizwa swali ambalo huna jibu lake.

Nairobi ina kila kitu unachohitaji, na hapa ndipo subira yangu hunishinda kabisa. Joho la mchawi au la mfalme halihitaji poliesta inayong'aa; linahitaji kitambaa kizito kinachoanguka vizuri, na mapazia ya mitumba ya Gikomba yanaifanya kazi hiyo kuliko chochote kitakachofika kwa posta. Koti la sufu la mitumba likifumuliwa hutoa vipande vya kutosha kushonea koti la rubani wa chombo cha angani, tena na bitana yake. Ngozi, vifungo vya mikanda na misumari ya kupambia hupatikana Kariokor kwa mafundi wa viatu, na kwa wauzaji wa vifaa vya viatu ndiko ninakonunua karatasi za povu la EVA, povu lile lile linalotengenezewa nyayo za ndara na mikeka ya kuchezea watoto.

Deraya la povu, yaani vazi la kivita la kuigiza, hutengenezwa hivi. Mteja akiwa amevaa fulana ya zamani, mimi humviringishia kifuani plastiki nyembamba ya jikoni, nikabandika juu yake seloteipu ya karatasi mpaka kifua chote kifunikwe, nikachora mahali pa mishono kwa kalamu ya wino, kisha nikaikata kwa uangalifu na kuilaza mezani. Hiyo ndiyo ruwaza, na inamwenea yeye peke yake. Povu la milimita 5 hutosha kifua na mabega, la milimita 10 hutumika panapotakiwa unene, na la milimita 2 hufaa kwa urembo wa juu. Kisu kiwe kipya, kwa sababu kisu butu hurarua povu badala ya kulikata. Kila kipande hupitishiwa hewa ya moto pande zote mbili mpaka uso wake uzibe vitundu na kung'aa kidogo, kisha hukunjwa kingali cha moto na kushikiliwa hadi kipoe, nacho hubaki na umbo hilo. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili za kiungo na kuachwa mpaka isinate tena kidoleni, ndipo pande hizo zikutanishwe mara moja tu, kwa maana hazitaachana. Rangi ikipakwa moja kwa moja juu ya povu hunyonywa na baadaye hupasuka, kwa hiyo tanguliza tabaka kadhaa za gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji. Fungua madirisha unapotumia gundi ya viatu, na uvae barakoa unapopiga msasa, kwani vumbi la povu halina kazi kwenye mapafu yako.

Nami nina sharti moja ambalo siliachi hata kwa mteja wa miaka mingi: usije kupimwa bila viatu utakavyovaa siku ya kongamano. Kisigino hubadili urefu wa suruali, mkao wa kiuno na namna mabega yanavyobeba deraya, na pindo lililokatwa mteja akiwa amevaa ndara litaburutwa au litaning'inia juu ya vifundo. Njoo miezi miwili kabla, na uje na viatu.

Dhana: Mwafrika hapendezi kwa mhusika asiye Mwafrika

Dhana hii hunihuzunisha, kwa sababu huletwa na vijana wenye vipaji wanaoomba radhi kwa ngozi yao kabla hata sijafungua tepu. Mhusika hutambulika kwa umbo la vazi, kwa mpangilio wa rangi, kwa silaha au kifaa anachobeba na kwa namna anavyosimama, na mambo hayo yote yamo mikononi mwako. Usijichubue wala usijipake rangi ili ufanane na watu wa kabila au taifa jingine. Kama mhusika ni kiumbe wa buluu au wa kijani, hapo tumia rangi maalumu ya maigizo, wala usitumie rangi ya ukutani wala ya gari, na uijaribu mkononi siku moja kabla. Kuhusu nywele, sijui kwa nini mtu aagize wigi la nyuzi ilhali wasusi wa Kenyatta Market wana nywele bandia za kila rangi, zambarau, fedha na buluu, wanazozisuka na kuzichovya ncha katika maji ya moto ili zitulie. Mpelekee msusi wako picha ya mhusika, ukae kitini, na utatoka na nywele ambazo upepo hautaziondoa kichwani.

Dhana: Bila vazi huwezi kuingia

Utaingia kwa tikiti. Katika makongamano kama NAICCON, lile la katuni la hapa Nairobi, utawakuta mamia ya watu waliovaa fulana na jinzi, waliokuja kununua vichekesho vya katuni, kuzungumza na wachoraji au kucheza michezo ya kompyuta. Vazi ni hiari.

Dhana: Ni mambo ya watoto, tena ya kigeni

Wazazi hunieleza hivi wakiwa wamekuja kulipia vazi la mtoto wao, nami huwajibu kwa heshima. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, hadithi ya nchi iliyoko angani, mwaka 1951. Katama Mkangi alimpeleka mhusika wake Dzombo hadi nchi ya Walenisi kwa chombo cha angani katika riwaya ya Walenisi iliyotoka mwaka 1995. Filamu fupi ya mwongozaji Mkenya Wanuri Kahiu, Pumzi, inayosimulia Afrika ya Mashariki ya baadaye iliyokaushwa na vita vya maji, ilionyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akiwaandikia watoto peke yao, na mpaka leo sijamshonea mteja yeyote vazi la Dzombo, jambo ambalo ningelifanya kwa furaha kubwa.

Dhana: Aliyevaa vazi amejitolea kuguswa na kupigwa picha

Hapana. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha na ungoje jibu, na usiguse bawa, mkia, wigi wala mwili wa mtu. Wasichana huteseka zaidi na dhana hii, na wanaoieneza hujitetea kwamba vazi lilikuwa fupi. Urefu wa pindo niliupima mimi na mteja wangu, na hakuna mtu wa tatu aliyeombwa maoni. Ukisumbuliwa, mwambie mhudumu wa kongamano mara moja.

Dhana: Silaha bandia haina madhara

Ndani ya ukumbi huenda isiwe na madhara, lakini kutoka nyumbani hadi ukumbini utapita kwenye kituo cha matatu, mbele ya walinzi wa maduka na pengine mbele ya polisi, na hakuna kati yao anayemjua mhusika wako. Bunduki ya povu iliyopakwa rangi nyeusi ya chuma huonekana ya kweli kutoka hatua chache, na sheria ya silaha ya Kenya inazitaja silaha za kuigiza pia. Sare zinazofanana na za jeshi au polisi ni kosa kuvaliwa bila idhini, kwa hiyo kitambaa cha madoadoa ya kijeshi sikishoni hata nikilipwa mara mbili. Paka mdomo wa bunduki rangi ya chungwa, funga upanga alani kwa kamba, tia vyote kwenye mfuko uliofungwa kabisa, kisha soma masharti ya waandalizi kuhusu vifaa vinavyoruhusiwa na uvae vazi lako ukishafika.