Kuvuruga anwani ni nini?

Watoto wengi wa mwambao wamecheza kinyume. Unachukua silabi ya mwisho ya neno unaitanguliza: maji yanakuwa jima, nyumba inakuwa mbanyu. Aliyezoea anasikia maji na nyumba, asiyezoea anasikia kelele tupu. (Wazazi tuliodhani hawaelewi, baadaye tuligundua walikuwa wakielewa kila neno, maana nao waliwahi kuwa watoto.) Kuvuruga anwani ni mchezo wa namna hiyo, ila anayefichwa maneno hapa ni mashine. Unaandika anwani yako ya baruapepe hadharani kwa jinsi ambayo mtu ataielewa, lakini programu inayozunguka mtandaoni kukusanya anwani isiitambue.

Kwa Kiingereza huitwa munging, kutokana na neno mung la mafundi wa kompyuta wa chuo cha MIT, yaani kukichezea kitu mpaka kisifae. Mfano mwepesi ni kuandika "juma kwenye example nukta com" badala ya juma@example.com. Hakuna Juma ninayemwanika hapa: jina example.com limetengwa kwa ajili ya mifano tu na hakuna mtu anayeweza kulisajili.

Hila ndogo hivyo inafanyaje kazi? Tazama mashine inavyovuna. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kompyuta wa Marekani aliyekuwa akiunda baruapepe, alihitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake, akachagua @ kwa kuwa haikuwa ikitumika katika majina ya watu. Sifa hiyohiyo ndiyo inayotuponza. Programu ya kuvuna haihitaji akili: inafungua ukurasa, inatafuta @, inazoa herufi zilizo kushoto na kulia kwake mpaka igonge nafasi tupu, inaweka ghalani, inarukia kiungo kinachofuata. Haina muda wa kufumbua mafumbo, kwa sababu kurasa nyingine mamilioni zinaisubiri. Ukiiondoa @, umeondoa harufu inayoifuata.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mikono. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC alitangaza bidhaa zake kwa watu wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, na anwani zao zilichapwa moja moja kutoka kitabu cha orodha ya watumiaji. Leo hiyo inahesabiwa kuwa barua taka ya kwanza. Wavuti ulipokuja, kila ukurasa ukawa kitabu cha orodha.

Na kinga hii iliwahi kupimwa. Mwaka 2003 shirika la Marekani la Center for Democracy & Technology lilitoa matokeo ya jaribio lake: lilitengeneza mamia ya anwani mpya, likazisambaza sehemu mbalimbali za mtandao, likasubiri miezi sita. Zilimiminika barua taka zaidi ya 8,800, na asilimia 97 ziliangukia anwani zilizoandikwa wazi kwenye kurasa za wavuti. Zile zilizovurugwa hazikupata hata moja.

Kuandika @ kwa maneno ndiyo njia ya kila mtu. Wenye tovuti wana nyingine. Wapo wanaoandika &#64; ndani ya msimbo wa ukurasa, nambari ambayo kivinjari huigeuza kuwa @ mbele ya macho ya msomaji. Wapo wanaoiandika anwani kutoka nyuma kwenda mbele, kisha wakakiagiza kivinjari kiigeuze, yaani kinyume hasa. Wengine huipika kwa JavaScript, lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ikazaliwa pale tu ukurasa unapofunguliwa na kivinjari halisi. Na wapo wanaoibandika kama picha.

Hiyo ya picha siipendi. Msomaji asiyeona anategemea programu inayomsomea skrini kwa sauti, na picha isiyo na maandishi kwake ni ukuta. Anayeona naye hawezi kuinakili, inabidi aichape herufi kwa herufi, akikosea moja barua inapotea. Hapa ndipo gharama ya kuvuruga anwani inapoonekana: mtuma taka akikosa anwani yako anachukua ya jirani, wala hajali, lakini mteja aliyetaka kuagiza keki anaachwa na fumbo. Kwa biashara ndogo, wateja wawili waliokata tamaa ni hasara kubwa kuliko barua taka ishirini.

Kosa jingine ni kubuni anwani ya uongo. Watu walipenda kujaza jina lolote la kikoa (ile sehemu inayofuata @) lililowajia kichwani, kumbe lina mwenyewe, na taka zote zikaenda kumwagwa mlangoni kwake. Ndiyo maana mwaka 1999 majina kama example.com na kikoa cha .invalid yalitengwa rasmi: ukitaka anwani isiyofika popote, imalizie na .invalid, hutamkera mtu.

Sasa lile jaribio la 2003 lisikulevye. Programu za leo zinaweza kufundishwa maneno ya Kiingereza "at" (kwenye) na "dot" (nukta) kwa mstari mmoja wa msimbo, na anwani nyingi haziokotwi kwenye kurasa tena. Zinaibwa kwa mafungu kutoka hifadhidata za kampuni zilizodukuliwa, ambako uliiandika wazi mwenyewe ulipojisajili. "Kwenye" na "nukta" zina nafuu kidogo, kwa kuwa mvunaji wa mbali hana sababu ya kujifunza Kiswahili. Kwa fomu za kujisajili, kinachosaidia zaidi ni kuwa na anwani ya pili, au kutumia alama ya kujumlisha: ukiwa na Gmail, barua ya juma+duka itafika kwenye sanduku la juma, na taka zikianza kuingia kwa jina hilo utajua ni duka gani lililokuuza.

Kwa namba ya simu, ambayo kwetu ndiyo anwani hasa, hila hii ni dhaifu zaidi. Kuandika "sifuri saba tano" kwa maneno kunaizuia programu ya kuvuna, lakini tapeli hana haja ya kuvuna. Namba ya Tanzania ikishaanza na 075, zinabaki tarakimu saba tu, yaani namba milioni kumi, na kompyuta inaweza kuzijaribu kwa mfululizo. Aliyekutumia "ile hela tuma kwenye namba hii" huenda hajawahi kuiona namba yako mahali popote.