Nomura Anchō: aliandika vidole, sauti akaiacha

Ukinitaka nitaje mtu mmoja tu katika muziki wa kale wa Ryukyu, visiwa ambavyo leo ni Okinawa, nitamtaja Nomura Anchō (1805–1871). Hakuwa wa kwanza kuziandika nyimbo hizo; sifa hiyo kwa kawaida hupewa Yakabi Chōki wa karne ya 18, bwana aliyepofuka akajitia kwenye muziki wa sanshin. Lakini sehemu kubwa ya kinachosikika siku hizi imepita mikononi mwa Nomura.

Sanshin ina nyuzi tatu na kisanduku kilichowambwa ngozi ya chatu. Maandishi yake, kunkunshi, hayaonyeshi sauti kupanda wala kushuka. Yanakwambia kidole kikae wapi: herufi isomwayo “ai” ni uzi mnene usiobanwa, “shi” ni wa kati, “kō” ni mwembamba. Mwaka 1867 mfalme Shō Tai aliamuru nyimbo zipangwe upya, na Nomura, akishirikiana na mwanafunzi wake Matsumura Shinshin, akamaliza kazi mwaka 1869. Herufi alizitia kwenye vijumba vya mraba, hata ukimya ukawa na nafasi yake. Mwaka 1879 Japani iliufuta ufalme na Shō Tai akapelekwa Tokyo. Wanamuziki wa kasri la Shuri walibaki bila mlezi, ila kitabu kilikuwa tayari.

Nomura alirahisisha, na hilo halijasahauliwa. Yeye na Afuso Seigen walisoma kwa mwalimu mmoja, Chinen Sekkō, na hadi leo wafuasi wa Afuso hujiona wao ndio walioshika mapokeo ya zamani. Huenda ni kweli. Mimi namtetea Nomura: muziki uliokuwa wa mabwana wa kasri ulihitaji njia ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifuata.

Pengo lake kubwa ni sauti. Maneno ya nyimbo hizi ni mashairi yaitwayo ryuka: mizani 8, 8, 8, kisha 6. (Msomaji wa tenzi atauona ubeti wetu hapo, kipande cha mwisho kimekatwa mizani miwili.) Mizani hiyo 30 huvutwa kwa dakika kadhaa, na mwimbaji hafuatani na nyuzi pigo kwa pigo, mara huchelewa, mara hutangulia. Hayo kitabu cha Nomura hakikuyaandika. Ulikaa mbele ya mwalimu ukaiga.

Kuanzia mwaka 1935 Serei Kunio na mwalimu wake Isagawa Seizui walitoa kunkunshi yenye alama za uimbaji pembeni ya zile za vidole, na ndiyo iliyoenea. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema anaimba kwa mtindo wa Nomura, vidole vyake ni vya Nomura kweli, lakini koo lake linamfuata zaidi Isagawa, aliyezaliwa mwaka 1872.