Maziwa ya mnyaa yakikuingia jichoni

Swali: Mnyaa ndo upi?
Ule wa fensi, vijiti vya kijani, majani kama hauna, ukikata tu unachuruzika maziwa. Ujiji, Kasulu, mpaka Tabora upo. Ukoo wake ni mmoja na manchinili, mti wa pwani za Karibi ambao hata ukijikinga mvua chini yake ngozi inababuka. Wetu una nafuu, ila jichoni usiuchezee.

Swali: Umeshaniingia, nifanyeje?
Maji. Maji safi mengi, hapohapo, mwenzako mwenye mikono misafi akumiminie na jagi jicho likiwa wazi, dakika 15 mpaka 30, usipikiche. Ukimaliza nenda hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Shangazi anasema tukamulie maziwa ya mama anayenyonyesha?
Hapana. Mwambie shangazi kwa heshima zote, hapana. Maziwa hayo mwachieni mtoto, jichoni yanaweza kuingiza vijidudu na yanakupotezea muda wa kuosha.

Swali: Na maji ya sukari? Mkojo? Dawa ya majani?
Hapana, hapana, hapana! Jamani tumeshasema sana hili, mtu analetwa jicho limefungwa usaha, ukiuliza mmeweka nini wanaanza kutazamana. Ni maji tu.

Swali: Nimeosha naona afadhali, si nisikilizie mpaka kesho?
Usisikilizie. Hii sumu inaweza kuzidi baada ya masaa kadhaa, unalala vizuri usiku wa manane unaamka kope zimevimba, mwanga unachoma, unaona ukungu. Kioo cha jicho kinakuwa kimechubuka, na kikiingia vijidudu kinaweza kubaki na kovu jeupe ambalo matone hayaliondoi. Anayewahi mara nyingi anapona vizuri, sasa wewe unasubiri nini?

Swali: Kuna matone yalibaki ya mwaka jana.
Tupa. Mengine yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ukiweka kwenye kidonda kisichopimwa unaharibu zaidi.

Swali: Ngozi je, au mtoto akiunyonya?
Ngozi osha kwa sabuni na maji. Mtoto mfute na umsukutue mdomo, usimtapishe, mlete hospitali.

Swali: Kwa hiyo ning'oe fensi?
Sio lazima, ila siku ya kupogoa vaa miwani, mikono mirefu, usikate tawi lililo juu ya uso wako, watoto wakae mbali, na hilo panga lioshe kabla hujalirudisha ndani.