Murgatroyd si jina la makabaila, na Sykes wote si ndugu

Mteja wa tatu mwezi huu kaja na kikombe. Kimechorwa ngao, simba kasimama kwa miguu ya nyuma, na chini yake jina MURGATROYD kwa herufi za kikale. Alikinunua kwenye kibanda cha maonyesho, na sasa anataka nimtafutie "kasri la ukoo". Nikamwuliza babu yake mzaa baba alizaliwa wapi. Hajui. Babu wa juzi hamjui, ila bwana aliyekuja na wavamizi Wanormani kutoka Ufaransa mwaka 1066 ana hakika naye.

Kazi yangu ni kufuatilia koo za watu wa kaskazini mwa Uingereza: sensa, vitabu vya parokia, wosia, hati za ardhi. Nimeifanya muda wa kutosha kujua kwamba mwenye jina la kawaida huja na maswali, mwenye jina adimu huja na majibu. Wabongo wenzangu nao huniuliza yaleyale, hasa wakigundua kwamba wateja wangu wengi ni watu wa Yorkshire, jimbo la hukohuko kaskazini, kwa hiyo nayaweka hapa mara moja, nisiyarudie kwenye simu.

"Jina letu ni adimu, basi tulikuwa wakubwa"

Hii ndiyo inayonimaliza. Watu wanachukulia jina kama dhahabu: likiwa chache, ni la thamani. Ukweli ni kinyume chake kabisa. Uadimu wa jina la Kiingereza, mara nyingi, unakuonyesha jinsi shamba lililolizaa lilivyokuwa dogo.

Hebu tazama majina yalivyopatikana. Majina ya kurithi yalianza kuenea Uingereza baada ya Wanormani kuingia, kwanza kwa wenye mali, kisha kwa watu wa kawaida, na kaskazini wengi waliyapata wakiwa wamechelewa, karne ya 14 hivi. Mengine yalitokana na kazi, mengine na jina la baba, mengine na utani, mengine na mahali. Smith ni mhunzi. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo familia maelfu ambazo hazikupata kujuana zilijikuta na jina moja. Johnson ni mwana wa John, na kina John walijaa kama kina Juma. Aliyetoka mji kama York aliitwa wa York kule alikohamia, na waliohama York walikuwa wengi, wakaenda kila upande. Lakini alikuwapo pia mkulima aliyeitwa kwa kipande cha mteremko alichokilima. Pale palikuwa na kaya moja tu. Kaya moja ikatoa jina moja.

Murgatroyd ni la aina hiyo ya mwisho. Chimbuko lake ni Warley, magharibi ya mji wa Halifax huko Yorkshire, kwenye vilima vya bonde la mto Calder. Mwaka 1371 John wa Morgateroyd aliteuliwa kuwa konstebo wa Warley. Wateja wakisikia "konstebo" macho yanawang'aa. Tulieni. Konstebo wa siku zile hakuwa na sare wala mshahara wa kusema. Alikuwa mwanakijiji aliyeangukiwa na zamu ya kusimamia tozo na kukamata wezi, na wengi wangeikimbia zamu hiyo kama wangeweza. Mfikirie mjumbe wa nyumba kumi, utakuwa karibu na ukweli kuliko anayefikiria upanga na farasi.

Jina lenyewe linavunjika hivi: *moor*, *gate*, *royd*. *Moor* ni ile nyika ya juu milimani isiyozungushiwa ua, watu walikopeleka kondoo. *Gate* hapa si lango. Ni neno la Wanorsi, watu wa Skandinavia waliohamia huko zamani, na maana yake ni njia. Ukifika Leeds utapita Briggate, mtaa wa daraja, na usilitafute lango kwa sababu halimo kwenye jina. *Royd* ni matamshi ya bonde lile kwa neno la kale la ardhi iliyofyekwa msitu. Ndilo hilo linalorudi kwenye Ackroyd, Holroyd, Boothroyd na Learoyd, yote majina ya upande huohuo wa Yorkshire. Kwa hiyo Murgatroyd ni "shamba lililofyekwa kando ya njia ya nyikani". Hakuna mji wa Troy humo, ingawa yupo mtu aliyenilipa kisha akabishana nami saa nzima kwamba "troyd" ni Troy.

Tatizo ni kulivunja jina kwa sikio la leo. Mgeni akifika Dar akasikia "Kariakoo" anaweza kukaa chini akatafuta maana ya "karia" na maana ya "koo", akatunga hadithi nzuri tu ya mtu aliyekabwa. Sisi tunajua ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia, lililopita kwenye ndimi za wenyeji. Majina ya Yorkshire yamepita kwenye ndimi kwa zaidi ya miaka 600.

Sasa ukubwa huu wa Murgatroyd umetoka wapi? Sehemu kubwa umetoka jukwaani. Mwaka 1887 Gilbert na Sullivan walionyesha London tamthilia yao ya kuimba, *Ruddigore*, yenye ukoo wa mabaroneti (wenye cheo cha "Sir" cha kurithi) kina Murgatroyd waliolaaniwa: kila siku lazima watende uhalifu mmoja, la sivyo wafe kwa mateso. Walilichagua jina kwa mlio wake. Tangu hapo kuna makundi mawili ya wateja: wanaoamini wametokana na mabaroneti, na wanaoamini jina lenyewe lilitungwa na watu wa tamthilia. Kundi la pili huongeza na simba wa waridi wa katuni za Marekani aliyekuwa akilitaja kila akishtuka. John wa Warley aliishi miaka 500 kabla ya wote hao.

Ni kweli walikuwapo kina Murgatroyd matajiri. James Murgatroyd, mfanyabiashara wa nguo za sufu wa Halifax, alinunua East Riddlesden Hall karibu na Keighley miaka ya 1630 na kuijenga upya. Nyumba ipo, inatunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale, nenda ukaione. Lakini huo ni utajiri wa kitambaa, si wa upanga, na ulikuja zaidi ya karne mbili na nusu baada ya konstebo wetu. Haukudumu pia: madeni yaliwaandama, nyumba ikawatoka. Wenyeji husimulia kwamba mto Aire ulihama njia yake kwa aibu ya vitendo vya familia ile. Mteja mmoja aliposikia hivyo alifurahi kuliko nilipompa cheti cha ndoa cha bibi yake.

Kuhusu ngao ya kwenye kikombe nitasema kwa ufupi. Uingereza haina nembo ya jina. Nembo hupewa mtu, na wazao wake halali kwa upande wa baba ndio wanaoirithi. Chombo kinachozitoa, College of Arms, kipo tangu 1484 na bado kinafanya kazi London. Kuwa na jina moja na mwenye nembo kunakupa haki juu ya nembo hiyo sawa na jina la Salim linavyokupa haki juu ya nyumba ya Salim wa mtaa wa pili.

Jambo ambalo wateja hawaniulizi, nami ningependa waniulize, ni kwa nini jina la shamba moja halikufa. Mengi yalikufa. Tauni ya 1348 na 1349 ilifuta kaya nzima, na hata bila tauni, ukoo wenye mabinti watupu kwa vizazi viwili umekwisha kwenye karatasi ingawa damu ipo. Majina ya milima ya Halifax yalipona kwa sababu ya sufu. Mtu mwenye ekari chache za ardhi mbovu aliweka kitanda cha kufumia nyumbani, na kitambaa kikajaza pale mavuno yaliposhindwa. Wana wa kiume hawakulazimika kuondoka; waligawana, wakajenga jirani, wakazaa. Ndiyo maana parokia ile, moja ya parokia kubwa kabisa za Uingereza kwa eneo, imejaa majina ambayo ukivuka milima michache huyasikii: Murgatroyd, Barraclough, Sutcliffe, Greenwood. Mwanahistoria George Redmonds alitumia maisha yake kuonyesha hilo kwa hati, jina kwa jina. Anayetaka kuelewa jina la Yorkshire aache ngao, amsome Redmonds.

"Ramani inaonyesha tumejaa Manchester, basi tumetoka Manchester"

Umeangalia ramani gani? Kama ni ya wapigakura wa leo, inakuonyesha ajira zilikokuwa, basi. Viwanda vya Bradford, Burnley na Manchester vilivuta watu kutoka kila kilima. Tumia sensa ya 1881. Imeingizwa yote kwenye kompyuta na ndiyo msingi wa ramani nyingi nzuri za majina. Hata baada ya karne nzima ya viwanda, Murgatroyd bado wamejibana magharibi ya Yorkshire, na wengine wamemwagikia Lancashire jirani. Tena hakikisha ramani imepima uwiano, si idadi. Ramani ya idadi kila siku itaipaka London na Manchester rangi nzito, kwa sababu ndiko watu waliko, hata jina liwe la wavuvi wa Cornwall.

Ukitaka kwenda nyuma zaidi, kwa Yorkshire tumebarikiwa: orodha za kodi ya kichwa za 1379 za West Riding, yaani upande wa magharibi wa Yorkshire, zimebaki. Ndiyo, kodi ya kichwa, ile ambayo babu zetu waliijua vizuri chini ya watu haohao. Weka 1379 kando ya 1881 na utaona jina limesogea kiasi gani. Mengine yamesogea mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

"Jina moja, ukoo mmoja"

Inategemea jina, na hapa ndipo Sykes anapoingia. *Syke* ni kijito kidogo kinachopita kwenye ardhi ya majimaji, na Yorkshire ina vijito hivyo kila kona. Bryan Sykes, mtaalamu wa vinasaba wa Oxford, alipima wanaume wenye jina lake na kutangaza matokeo mwaka 2000: karibu nusu walikuwa na alama moja ya kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana. Yeye aliona mwanzilishi mmoja, na waliobaki wameingia njiani: mtoto wa nje, mtoto wa kulea, aliyechukua jina la mama. Mimi nikitembea huku nikihesabu vijito naona nafasi ya waanzilishi zaidi ya mmoja. Vyovyote vile, zaidi ya nusu hawakuwa na alama ile. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Leicester walipima majina 40 na wakakuta mkondo uleule: wenye majina adimu mara nyingi wana baba mmoja wa kale, na kina Smith hawana undugu kuliko watu waliokutana kituo cha basi.

Sasa Wabongo: "Kwa hiyo Sykes wa Dar wana asili ya Yorkshire?" Hapana! Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, alikuwa mwana wa Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka Msumbiji aliyekuja na askari wa Wissmann, kamanda wa Wajerumani. Sykes lilikuwa jina la baba, nalo likawa la ukoo kwa wana na wajukuu, Abdulwahid na Ally wa TANU wakiwemo. Ndivyo tunavyofanya pwani nzima. Herufi ni zile za kijito cha Yorkshire, ukoo ni mwingine kabisa, na hauhitaji kijito cha mtu kuwa na historia.

"Wale wanaandika tofauti, si wetu"

Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zote ni Carrier Corps. Imekwisha hiyo. Karani aliandika alichosikia, na babu yako hakujua kusoma ili amsahihishe. Ukitafuta kwa tahajia moja tu utapoteza nusu ya ukoo, halafu utanilipa mimi niitafute.

"Si yote yako mtandaoni siku hizi?"

Sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Kwa hiyo baada ya sensa ya 1921 unategemea daftari la wakazi la 1939. Vyeti vya serikali vinaanza Julai 1837, vitabu vya parokia 1538 kama panya na unyevu viliviacha. Kabla ya hapo kwa Warley uko kwenye hati za baraza la milki ya Wakefield, zinazoanza 1274 na kutunzwa Chuo Kikuu cha Leeds: ngozi, Kilatini cha mkato, na wino uliofifia. Humo hukuti simba wa kwenye kikombe. Unakuta nani kaacha ng'ombe wakaingia shamba la jirani, nani kakata mti bila ruhusa, nani karithi kipande gani na kalipa senti ngapi. Ndiko majina yalikozaliwa, na ndiko ninakompeleka kila mteja anayenivumilia. Mwenye kikombe alitaka yote hayo kabla ya Ijumaa. Nimemrudishia fedha zake.